Spartacus alishaikaribia Alps, mbona akarudi?

Kisiki_Cha_Mpingo: Wakuu, habari za jioni. Nasoma habari za Spartacus, yule mtumwa kutoka Thrace (kusini-mashariki mwa Ulaya) aliyetoroka shule ya wapiganaji ya Batiatus pale Capua, Italia, mwaka 73 KK. Mwaka uliofuata akapanda na watu wake hadi kaskazini, akamchapa gavana wa Kirumi Cassius pale Mutina, njia ya kutoka Italia kupitia milima ya Alps ikawa nyeupe. Mbona akageuka kurudi kusini? Wenye kujua mnijuze.

Fundi Bomba: Nyara, mkuu. Walishaonja vya matajiri, nani akapigwe baridi mlimani?

MpishiMkuu: Fundi, hapo nakukatalia. Mimi napika hotelini, na jamaa alinikosha niliposoma kwamba walitoka Capua na visu na vyuma vya kuchomea nyama walivyokwapua jikoni. Walikuwa sabini na kitu tu! Pale mlima Vesuvius walikokimbilia, jemadari Mrumi Glaber aliziba njia ya kushukia kwa askari 3,000, akakaa kungoja njaa imfanyie kazi. Watu wa Spartacus wakasuka ngazi za mizabibu mwitu, wakashuka genge mmoja mmoja. Wa mwisho alibaki juu kuwateremshia silaha, kisha naye akashuka. Warumi walishtukia wamezingirwa.

Na huyo unayemwita wa nyara, mwanahistoria wa kale Appian anasema aligawa nyara sawasawa na kupiga marufuku wachuuzi wa dhahabu na fedha kambini. Chuma na shaba ndivyo alivyonunua.

Kwa mawazo yangu ni tumbo. Appian huyohuyo anataja watu 120,000. Mimi wageni 400 wa harusi tu wananitoa jasho! Umati huo utaulisha nini milimani? Halafu wengi walikuwa Wagalia na Wajerumani, na wachungaji wa mashamba ya Italia. Thrace ni kwao Spartacus, wao waende kufanya nini?

Kisiki_Cha_Mpingo: Nimekuelewa, mkuu. Na wale maharamia?

MpishiMkuu: Wa Kilikia (pwani ya Uturuki ya leo)? Walipokea zawadi wakaahidi kumvusha hadi kisiwa cha Sicily, kisha wakatweka tanga wakamwacha ufukweni. Jemadari Mrumi Crassus akachimba handaki toka bahari hadi bahari kumfungia. Spartacus akalipenya usiku wa theluji, lakini mwaka 71 KK wakamuua vitani, na maiti yake haikuonekana. Mateka 6,000 walisulubiwa njia nzima toka Capua hadi Roma.

Pompey, jemadari mwingine wa Roma, yeye alikutana na watoro 5,000 tu wa vita hivyo, akawamaliza, akaiandikia Seneti kwamba Crassus kashinda mapigano lakini yeye ndiye aliyeng'oa mzizi wa vita. Sijui Crassus alilala vipi usiku huo.