Crudup alidhulumiwa ofisini, nyie mmebaki kumsema Elvis tu!

Wakuu, nimechoka. Ukianzishwa mjadala wa blues, muziki wa Wamarekani weusi, humu, ukurasa wa kwanza haujaisha mtu kashaandika "Elvis aliwaibia weusi", wenzake wanampigia makofi, kesi imefungwa. Waliomla mwanablues mweusi Arthur "Big Boy" Crudup jasho lake wanatoka salama, hata majina yao hamyajui.

Tuanze na santuri yenyewe. Crudup alirekodi "That's All Right" mjini Chicago Septemba 1946. Julai 1954 mwimbaji mzungu Elvis Presley akaurudia wimbo huo studio za Sun, Memphis, ikawa santuri yake ya kwanza. Kwenye karatasi ya santuri hiyo mtunzi kaandikwa waziwazi: Arthur Crudup. Mwaka 1956 Elvis mwenyewe alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba alikuwa akimsikia Crudup tangu yuko Tupelo na akatamani siku moja ahisi anachohisi mzee yule. Sasa kama jina lipo na santuri inauzika, hela ya mtunzi ilikwenda wapi? Mbona hilo hamliulizi?

Mwulizeni Lester Melrose. Huyu ndiye meneja aliyekuwa akiwapeleka wanablues wa Chicago kurekodi kwenye kampuni ya santuri ya RCA Victor na tawi la kampuni hiyo, Bluebird. Crudup alimkuta katika hali gani? Mtu wa Forest, Mississippi, kaanza gitaa ukubwani, anapiga kwenye kona za barabara, usiku analala ndani ya kasha la mbao chini ya reli ya juu. Mwekee mtu huyo karatasi na dola chache mezani uone kama atakataa! Haki za nyimbo zikaenda kwa Melrose, Crudup akaambulia ujira wa kurekodi. Alianza 1941, akarekodi miaka na miaka, na alipoona hesabu haziji akasusa. Akarudi kwenye vibarua vya shamba na pombe ya magendo.

(Msiniletee habari kwamba naye aliazima mstari kwa Blind Lemon Jefferson wa 1926. Najua. Wanablues wote waliazimana mistari, na hilo halimpi meneja ruhusa ya kula mrabaha, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo wake unapouzwa.)

Na nyie wa "angesoma mkataba", hebu nyamazeni kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alipata mtetezi, Dick Waterman, wakadai kwa njia halali. Wakati huo haki za nyimbo zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Hill and Range. Waterman amesimulia kwamba walikubaliana dola 60,000. Mzee akafunga safari na wanawe kutoka Virginia hadi New York, akasaini. Wakili akaingia na karatasi kwa bosi wa Hill and Range ili upande wa pili nao usaini, akarudi mikono mitupu. Bosi kagoma! Eti wakipatana watatoa kingi kuliko ambacho wangepoteza mahakamani. Mimi naisoma hivi: walijua mzee hana pesa ya kesi wala umri wa kuisubiri. Machi 1974 akafa, hajaiona hiyo 60,000.

Halafu sikilizeni hili. Hill and Range ilipotaka kuuzwa kwa Chappell, kampuni nyingine ya haki za nyimbo, dai la Crudup likawa linakwamisha biashara. Ghafla pesa zikapatikana! Hundi ya kwanza kwa familia ilikaribia dola 250,000. Mzee yuko kaburini.

Kama lazima mumshike Elvis, basi mshikeni pazuri. Kampuni yake ya haki za nyimbo, Elvis Presley Music, ilianzishwa kwa ubia na haohao Hill and Range. Alikuwa anagawana faida na watu waliomkalia Crudup, na sauti yake mle ndani ilikuwa kubwa kuliko ya wakili yeyote. Njooni na hoja hiyo nitabishana nanyi hadi asubuhi. Ile ya "aliiba wimbo" sijibu tena.