Mboga za nyumbani msimu wa kaskazi, Tanga: nyanya zinapukutisha maua

mkazi_wa_sahare
Wakuu habari za humu. Nina kieneo cha mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba, Sahare. Udongo mchanga mtupu, maji ya kisima. Tangu Desemba nyanya zinachanua lakini maua yanapukutika, chainizi inakimbilia kutoa maua ikiwa bado ndogo, na pilipili hoho zinaungua kingo za majani. Namwagilia kidogo kila jioni. Shida ni mbolea au jua? Na nipande nini mpaka masika?

tuta_la_pwani
Nyanya na chainizi ni joto, mkuu, usiongeze mbolea. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku nao ukabaki wa moto, chavua (unga wa ua) ya nyanya inakufa, ua halishiki. Urea hapo itakupa majani tu. Ng'oa, sia kitalu kipya mwanzoni mwa Mei, hamishia bustanini Juni. Maua yatakutana na baridi ya kipupwe, na miche itakuwa imekwepa mvua kubwa zinazoleta ugonjwa wa bakajani.

Kwa sasa weka mchicha, bamia na matembele. Mchicha: changanya kijiko kimoja cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, sia kwenye mistari ya sm 20, fukia nusu sentimita tu. Ukifukia zaidi hauoti. Funika kwa nyasi, ukichomoza siku ya nne au ya tano ondoa nyasi jioni, si mchana. Bamia: loweka mbegu usiku mmoja, mbili kila shimo, sm 50 kwa 30. Zikianza kuzaa chuma kila baada ya siku mbili, la sivyo zinakuwa kamba. Matembele: vipande vya sm 30, fukia theluthi mbili.

Jambo ambalo wengi hukosea: kwenye mchanga, kiangazi hatuinui tuta. Tuta la juu linakauka pande zote. Chimba jaruba lizame sm 10, changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, halafu tandaza nyasi kavu sm 5 bila kugusa shina. Masika ikikaribia ndipo uinue.

maji_chumvi
Nakubaliana na hayo isipokuwa bamia na matembele. Hoho kuungua kingo, kisima karibu na bahari: hiyo ni dalili ya chumvi. Onja maji, kisha angalia kama udongo ukikauka unabaki na utando mweupe. Kiangazi kisima kikivutwa sana, maji ya bahari husogea ndani.

Na huo umwagiliaji wa kidogo kidogo ndio unaoongeza tatizo. Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki juu kwenye mizizi. Bora lita 15 kwa kila mita ya mraba siku moja unamwagilia, moja unaruka, asubuhi, ili chumvi isukumwe chini. Mwaga kwenye udongo, usirushie majani. Miche michanga pekee ndiyo ipewe kila siku. Samadi ya kuku acha, ina chumvi nyingi.

Kama maji yana chumvi kweli, panda mchicha na spinachi. Bamia, matembele na hoho zisubiri mvua, au zipe maji ya bomba. Maharage usijaribu kabisa.

makuti_mawili
Spinachi kiangazi bila kivuli ni kupoteza mbegu. Simamisha nguzo za mita 2, tandika makuti kwa nafasi, nusu ya jua ipite, upande wa magharibi yashuke zaidi kwa sababu jua la saa tisa ndilo linalochoma. Mchwa wakipanda nguzoni, badili nguzo mapema.

Pia geuza majani. Vidoa vya njano na utando mwembamba chini yake ni utitiri mwekundu. Usikimbilie sumu za wadudu, nyingi zinaua wanaomla utitiri, naye anazidi. Piga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi. Jioni nyunyiza mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita 1 ya maji, iache ilale usiku mmoja, chuja, tia sabuni kidogo. Ukipiga mchana jua linaiharibu.

mkazi_wa_sahare
Utando mweupe upo, na maji yana ladha ya chumvi. Mchicha nao uwe chini ya makuti?

makuti_mawili
Hapana, mchicha unataka jua. Ukiuwekea kivuli unarefuka shina na majani yanakuwa machache. Makuti ni ya spinachi na kitalu.