Naomba ushauri: guanfasini na kumbukumbu ya mama

Ndugu zangu, mama yangu ana miaka 74, anatumia dawa za shinikizo la damu, na siku hizi husahau alichofuata chumbani, jambo linaloniumiza sana. Nimesoma kwamba mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, akiwemo Amy Arnsten, walionyesha kuwa guanfasini, ambayo awali ilikuwa dawa ya shinikizo, iliziongezea nguvu seli za neva za sehemu ya mbele ya ubongo wa kima wazee, hasa pale mnyama anaposhikilia jambo akilini. Dawa hiyo hushusha shinikizo na kuleta usingizi, hivyo naogopa kuichanganya. Wafamasia na madaktari, je, nimuulize daktari wake kuihusu, au kwanza nimwombe azipitie upya dawa anazomeza mama sasa?