ISG15 imepanda, IFNB1 haisogei: A549 na kirusi cha mafua

Swali
Wakuu, naomba msaada. Seli za A549 (za mapafu ya binadamu) zimeambukizwa kirusi cha mafua A (aina ya maabara PR8) kwa MOI 2 (wastani wa virusi 2 kwa kila seli), RNA ikavunwa saa ya 24, ng 500 kila sampuli, praima oligo-dT (inayoshika mkia wa A wa mRNA). Nikisawazisha kwa ACTB (jeni ya rejea), ISG15 (jeni inayoamshwa na interferoni) imepanda mara 60. IFNB1 (jeni ya interferoni beta) iko Ct 33 (mzunguko wa qPCR ambapo ishara huonekana; Ct ndogo ni RNA nyingi) kwenye seli zilizoambukizwa na zisizoambukizwa. ACTB yenyewe ni 17 kwa seli safi, 19 kwa zilizoambukizwa. Kama interferoni haijaamka, ISG15 imeamshwa na nani?

Jibu la 1
Anza na ACTB. Umeweka RNA kiasi kilekile, lakini ACTB imechelewa mizunguko 2, yaani imebaki robo. Protini ya kirusi PA-X hukatakata mRNA za seli, ACTB ikiwemo. Hivyo kila unachosawazisha nayo kinavimba mara 4: hiyo 60 yako huenda ni 15 tu. Tumia 18S (RNA ya ribosomu), maana PA-X huiacha. Ila 18S haina mkia wa A, kwa hiyo rudia cDNA kwa praima nasibu, kisha izimue mara 100 kwa ajili ya kisima cha 18S, la sivyo Ct itatoka chini mno.

Jibu la 2
Mimi hiyo 33 inayofanana pande zote siiamini. IFNB1 haina introni (kipande cha jeni kinachoondolewa kwenye mRNA), kwa hiyo hakuna praima itakayotofautisha cDNA na DNA ya jenomu iliyobaki kwenye RNA. Endesha sampuli zilezile bila kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA. Zikitoa 33 au 34, unapima DNA. Safisha kwa DNase (kimeng'enya kinachokata DNA), pima upya.

Jibu la 3
Hata ukishasafisha, saa ya 24 umechelewa. mRNA ya IFNB1 huja mapema na huozeshwa haraka. ISG15 hubaki juu muda mrefu. Vuna saa 4, 8, 12 na 24. Usitegemee mlima: protini ya kirusi NS1 huzuia RIG-I (kihisi cha RNA ya kirusi ndani ya seli) kuamka, na hata kwenye kundi lililoambukizwa ni seli chache tu zinazotoa interferoni. Hizo chache zinatosha, kwa sababu inamwagika nje na kuamsha ISG15 kwa majirani. Kwa MOI 2, kama asilimia 14 ya seli hazikupata kirusi hata kimoja, nazo huitikia vizuri kwa kuwa hazina NS1.

Ukitaka kujua ISG15 imepitia njia ipi, weka ruxolitinib (dawa inayozuia ishara ya interferoni) µM 1 saa moja kabla ya kuambukiza na uiache mpaka mwisho. Ikiporomoka, ilitoka kwa interferoni. Kinachosalia kimeamshwa moja kwa moja na IRF3 (protini inayowashwa na RIG-I). Ongeza kisima chenye poly(I:C) (RNA bandia ya nyuzi mbili inayoiga kirusi) iliyoingizwa ndani ya seli kwa lipidi. Kama hapo pia IFNB1 haipandi, tatizo ni praima au seli, si kirusi.

Jibu la 2 tena
Na angalia mbegu ya kirusi. Ikiwa imekuzwa mara nyingi kwa MOI kubwa, hujaa jenomu pungufu zinazoamsha RIG-I kupita kiasi, na matokeo hubadilika kila ukifungua chupa mpya. Kuza kwa MOI 0.001.