Tupeane uzoefu: uliwahi kumwambia mtu udhaifu wako wa siri? Ilikuwaje?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili tunasalimiana, kila mtu anajibu "namshukuru Mungu", na aliyekaa pembeni yako hajui kwamba wiki nzima hujalala kwa sababu ya jambo usiloweza kulitaja. Nalileta hili kwa uchungu. Nimeona watu wakiacha kanisa kimyakimya kwa kukosa mtu mmoja tu wa kumwambia ukweli wao.

Bibi yangu kule Karagwe alikuwa mtu wa Uamsho, ile harakati ya toba makanisani iliyoshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ikasambaa Uganda, Tanganyika na Kenya. Kuungama wazi waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Mtu alisimama kwenye ushirika akaitaja dhambi yake kama ilivyo: nimeiba, namchukia jirani yangu. Kisha alikwenda kurudisha alichoiba. Wamishonari wa Kizungu nao walisimama mbele ya Waafrika wakaungama dharau waliyokuwa nayo kwao, na hiyo ni enzi ya ukoloni! Kwa kina bibi, kusema na kurudisha vilikwenda pamoja. Sisi tumebaki na lipi? Karibuni, bila kutaja majina ya watu wala makanisa.

Fundi cherehani, Moshi

Nimeokoka tangu usichana na kwaya naongoza mimi. Mteja akileta kitenge nilikuwa nakata kwa kubana, kinachobaki natia kwenye mfuko chini ya meza, baadaye nashona vigauni vya watoto nauza. Akiuliza, namwambia kitambaa kimetosha kwa shida. Zaburi 19:12, "Unitakase na mambo ya siri", nilikuwa naisoma nikiwaza zinaa za watu wengine.

Siku moja mama mmoja akaleta kitambaa cha sare, akaniambia amekikopa. Mkono ukawa mzito kukata. Nikautoa ule mfuko, nikamwambia yote. Akachambua vipande vyake vya nyuma, akavitandaza mezani, akaviunganisha kwa vidole: blauzi nzima ya binti yake. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Fundi, si ungeniomba tu?" Siku hizi napima mbele ya mwenye kitambaa na kinachobaki nakikunja anaondoka nacho. Wapo niliowarudishia wakakasirika wakahama. Ni haki yao.

Ndugu wa Nakuru

Mimi nilisema, na nikaumia. Niliwaambia wenzangu wa kikundi cha maombi kwamba pombe imenishinda. Kabla wiki haijaisha, watu nisiowafahamu wananiambia "tunakuombea ndugu". Mke wangu aliisikia saluni. Aliyeitoa siri yangu aliifanya ombi la maombi, na nadhani hata leo haoni kosa lake. Kanisani naenda, kikundi sijarudi. Yupo mwalimu mmoja mstaafu ninayempigia simu jioni kiu ikinibana. Tunaongea hata habari za ng'ombe mpaka ipite.

Baba wa Songea

Sisi Wakatoliki tuna kitubio, na padre hana ruhusa ya kutoa siri yako hata kwa kutishiwa kifo. Hilo lilinisaidia kuanza. Ila padre aliponiambia nikamwombe radhi mke wangu mwenyewe kwa maneno niliyokuwa namtolea, hapo nilipiga danadana mwezi mzima. Nilipomwambia, alilia. Nilijifunza mengi kwenye kile kilio.

Mama wa Mbeya

Mume wangu ni mzee wa kanisa. Alikopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, bila kunishirikisha; nilijua siku walipokuja kubeba friji. Usiku ule akaniandikia madeni yote kwenye daftari la shule la mtoto, hata ya mwenye duka ambayo nisingeyajua. Deni nililisamehe upesi. Kilichonichukua muda ni kukumbuka kila jioni anatuongoza kwenye sala ya familia huku amebeba hilo peke yake. Aliomba mwenyewe kupumzika uzee wa kanisa. Mchungaji alikuja, akakaa, akala ugali wetu, hakuhubiri. Bado tunalipa.

Nirudi mimi niliyeanzisha

Asanteni, nimesoma kila neno. Dada wa Moshi alisema kwa mwenye kitambaa. Mzee wa Mbeya alichelewa, lakini alipofungua mdomo alimaliza yote. Kaka wa Nakuru aliumizwa na watu walioshika nusu ya Yakobo 5:16, panaposema tuungamiane dhambi na kuombeana: wakaipokea toba, kuombeana wakakugeuza umbea. Pole sana, kaka. Walikukosea wao.

Kuna kijana ameniandikia pembeni, ameniruhusu kuuliza. Anapambana na picha chafu kwenye simu, na ndoa inakaribia. Amwambie mchumba? Mimi nasema amwambie, tena kabla ya matangazo kusomwa kanisani, ili binti awe na nafasi ya kuuliza, kusubiri, au hata kukataa. Na kabla ya hapo atafute mwanaume mkomavu atakayekuwa anamuuliza kila wiki bila kumwonea aibu. Mlio kwenye ndoa, hasa kina mama: mngependa kuambiwa lini, na kiasi gani? Anasubiri majibu yenu.