Chensoo inatoa vumbi badala ya maranda na mkato unapinda kulia: nibadilishe cheni au ninoe vingine?

Kisiki_Kikavu:
Wakuu, habari za kazi. Natumia chensoo (msumeno wa mota) ya cc 50, baa (kile chuma kirefu kinachobeba cheni) ya inchi 18, cheni ya pichi .325, yaani nafasi ya viungo vyake kwa inchi. Kwenye msonobari mbichi inazama yenyewe, sina neno. Shida ni mikaratusi iliyoangushwa zamani: imekauka, imelala chini, na magome yamejaa mchanga. Gogo moja halijaisha tayari inatema vumbi laini, inabidi niikandamize, halafu mkato unakwenda kulia. Cheni ni ile ya meno yenye kona kali ya mraba, na kunoa nanoa mwenyewe kwa tupa. Je, kuna cheni ngumu zaidi? Na baadaye nataka kupasulia mbao mashine hiihii.

Tupa_Mviringo:
Mkuu, ugumu wa cheni si hoja hapa, angalia umbo la jino. Kona ya mraba ndiyo ya haraka kuliko zote kwenye mti safi, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na ile ncha ndogo ya kona. Ikigusa mchanga ncha hiyo inakufa, na jino zima limekufa nayo. Kwa magogo yako tafuta cheni ya kona iliyoviringwa. Itakuwa taratibu kidogo, ila inahimili uchafu na mti mkavu kwa muda mrefu zaidi. Nami ningekata gome kwa shoka pale inapopita baa kabla ya kuwasha mashine. Hilo watu wanalidharau sana.

Mzee_wa_Magogo:
Mti mgumu dawa yake ni kushusha vile vinundu vilivyo mbele ya meno. Chukua tupa bapa, vipige kisawasawa, maranda yatakuja yenyewe.

Tupa_Mviringo:
Hapana, mzee wangu, hapo tutofautiane. Kinundu ndicho kinachoamua jino ling'ate kiasi gani. Cheni nyingi zinataka kiwe chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65. Kwenye mti laini unaweza kushuka kidogo zaidi, lakini kwenye mti mgumu ukizidisha, jino linang'ata kuliko nguvu ya mota: mashine inatetemeka, inakwama, na hatari ya kukurukia usoni inaongezeka. Vinundu vinashushwa kwa sababu jino limefupishwa na tupa, maana sehemu ya juu ya jino ina mteremko kuelekea nyuma. Tumia kipimo chake, usikadirie kwa macho.

Mzee_wa_Magogo:
Sawa, kipimo kitumike. Ila aliyenoa mara nyingi bila kuvigusa vinundu atapata vumbi hata jino likiwa wembe. Mleta uzi, ulivigusa lini?

Kisiki_Kikavu:
Sijavigusa kabisa tangu cheni iwe mpya. Na nimepima meno kwa kalipa (kipimo cha taya) sasa hivi: ya kulia ni marefu kuliko ya kushoto.

Maranda_Mapana:
Basi jibu la kupinda umelipata. Mkato hufuata upande wenye meno marefu au makali zaidi. Wengi wetu mkono unakandamiza zaidi upande mmoja. Tafuta jino fupi kuliko yote, punguza mengine yote yalingane nalo, kisha pima vinundu upya. Ukifunga cheni mpya na bado inapinda, hapo kagua kingo za baa, huenda upande mmoja umelika.

Kwa .325 tupa yake mara nyingi ni ya milimita 4.8. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, na wakati wa kurudi iinue. Pembe ya nyuzi 30 ni ya kawaida, kwa mti mgumu na mchafu wengi wanashuka hadi 25 ili ncha isiwe nyembamba mno. Kisha geuzia jino kwenye mwanga: ukiona kamstari kanang'aa ukingoni, bado ni butu, endelea. Ukingo mkali haurudishi mwanga.

(Kwa wapenda historia: meno haya yaliyopinda yalibuniwa na Joseph Cox, mkata miti wa Marekani, baada ya kumtazama buu akitafuna mti kushoto na kulia. Cheni yake iliingia sokoni mwaka 1947.)

Kisiki_Kikavu:
Nashukuru sana wakuu. Na suala la kupasua mbao?

Mzee_wa_Magogo:
Hiyo ina cheni yake, meno yamenolewa karibu na nyuzi 10. Uso wa mbao unatoka laini zaidi. Lakini kupasua gogo kwa urefu kunailemea mota muda wote, na kwa cc 50 utajaribu mbao nyembamba tu, tena kwa kupumzisha mashine. Ningekuwa wewe ningetafuta mashine kubwa kwanza.

Tupa_Mviringo:
Kabla hujanunua cheni ya pili, soma namba zilizogongwa kwenye baa. Pichi peke yake haitoshi, unene wa vijino vya chini, vile vinavyoingia kwenye mfereji wa baa, unatofautiana, milimita 1.3, 1.5 au 1.6, na idadi yake lazima ilingane na ya cheni uliyonayo. Kagua na sproketi (gurudumu la meno linaloizungusha cheni) pia, iliyolika inaharibu cheni mpya mapema. Na ukimaliza kazi legeza cheni, maana ikipoa inajikaza.