Mjadala: Muuza vitunguu alazimishwe kupokea kwa simu, au aachwe na keshi yake?

Mleta mada, Arusha

Wadau, kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya mauzo ya mtandaoni. Wateja wangu ni kampuni za utalii, hoteli ndogo na maduka machache ya mjini. Kila nikikaa na watu wa benki au vijana wenzangu wa teknolojia nasikia wimbo uleule: nchi iachane na pesa taslimu, na mfanyabiashara mdogo asiye na lipa namba, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu, ndiye anayetuchelewesha. Juzi mmoja akapendekeza kabisa kwamba mtu asipewe meza sokoni mpaka awe na lipa namba. Mimi napinga, ingawa sheria ya namna hiyo ingeniletea wateja mpaka mlangoni.

Muuzaji wa soko letu la Kilombero hapa Arusha hakatai simu kwa ushamba. Ameshapiga hesabu. Hela iliyoingia kwenye simu asubuhi lazima iwe noti kabla ya alfajiri, kwa sababu aliyeleta vitunguu kutoka Mang'ola anataka keshi, wabebaji wanataka keshi, mama ntilie na konda wa kifodi hali kadhalika. Gharama ya kugeuza hela kuwa noti anaibeba nani? Yeye. Ndiyo maana anakuambia utume na ya kutolea, na wewe unanuna unampa noti.

Sasa tuangalie serikali ilichofanya. Bajeti ya 2025/26 ilishusha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka 18% hadi 16% kwa mlaji anayelipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki. Wazo zuri. Lakini kusajiliwa VAT kunaanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100. Kwa hiyo punguzo hilo linamkuta mteja wa supamaketi. Anayenunua nyanya Kilombero au Soko Kuu halimhusu, maana muuzaji wake hatozi VAT tangu mwanzo. Tumempa motisha mtu ambaye tayari alikuwa na kadi mfukoni.

Msiniambie haiwezekani bila keshi. Kwenye geti la Ngorongoro hawapokei noti siku nyingi tu, na watalii wanaingia. Ila pale analipa mgeni, na anayepokea ni mamlaka ambayo haiamki saa tisa usiku kutafuta hela ya Fuso.

Waliofanikiwa kwa watu wadogo waliondoa gharama kwanza. India ilifuta ada ya muuzaji kwenye UPI, mfumo wao wa kulipana kwa simu, kuanzia Januari 2020, na serikali ikawa inazifidia benki kidogo kutoka kwenye bajeti. Brazil, Benki Kuu yao ilizindua Pix, mfumo wao wa malipo ya papo kwa papo, Novemba 2020 na ikaagiza watu binafsi watumie bure. Sisi tunao mfumo wa TIPS wa Benki Kuu unaounganisha benki na mitandao ya simu, na tunayo TANQR, alama ya pamoja ya kuskani ili kulipa. Mabomba yapo. Kilichobaki ni uamuzi wa nani alipie maji.

Basi tuanze juu: wanunuzi wa jumla na wenye maghala walipane kwa simu au benki, malipo madogo ya sokoni yasikatwe kitu, halafu ndipo tumfuate mwenye meza. Karibuni.

Muuza vitunguu na viazi, Kilombero

Kaka, asante kwa kututetea, ila usituseme kama watu wa kukataa tu. Lipa namba ninayo, nimeibandika kwenye nguzo. Mwenzangu wa meza ya pili aliporwa mauzo ya siku nzima akienda nyumbani, ndipo nikaona faida ya simu.

Shida yangu kubwa wala siyo makato. Ni meseji feki. Jumamosi watu wamejaa, mtu anakuonyesha simu yake, "mama nimeshalipa", meseji ina jina langu na kila kitu, mtandao wangu uko chini. Nimfukuze? Namruhusu aende na kilo zake tano, jioni naangalia salio, hakuna. Mwingine analipa kweli, akifika kwake anapiga huduma kwa wateja anadai alikosea namba. Noti nikiishika nimeishika.

Halafu yule mkusanya ushuru anakuja na mashine mkononi, anapokea keshi, anatoa risiti. Anzeni na huyo.

Mhasibu, Njiro

Mleta mada anaandika vizuri lakini tuitaje hoja yake kwa jina lake: kuficha mauzo. Mwalimu anayelipwa zaidi ya 270,000 kwa mwezi anakatwa kodi ya mshahara (PAYE) kabla hajauona mshahara, wala hakuna anayemuuliza kama ana gharama. Mtu wa sokoni anazungusha milioni 60, milioni 80 kwa mwaka, anataka noti ili asionekane. Barabara anayopita Fuso lake nani analipia?

Na mnasahau faida. Mwenye kumbukumbu za miamala anaweza kukopesheka. Mwenye boksi la noti chini ya meza atabaki kwenye mikopo ya kausha damu mpaka azeeke.

Wakala, Mbauda

Nyote mnapiga hesabu, mimi hamnihesabu. Kamisheni yangu ni watu kuweka na kutoa. Mkifuta keshi, banda langu linabaki la kuuza vocha. Vijana wangapi Arusha wamejiajiri kwa floti ya kukopa? Sisemi msiendelee, nasema mtuambie mapema.

Mleta mada

Dada wa Kilombero, hilo la meseji feki ni zito kuliko makato, nakubaliana na wewe. Lina dawa, na si ghali: kispika kidogo kinachotangaza malipo kwa sauti yakiingia. India wauza chai wanavyo mezani, muuzaji hagusi hata simu. Kinachohitajika ni benki na mitandao kukikodisha kwa bei ya kueleweka. La kudai kurudishiwa hela, malipo ya lipa namba yasirudi bila muuzaji kuridhia, na sheria iseme hivyo waziwazi.

Mhasibu, hapa hatutaelewana haraka. Mwalimu anakatwa kwenye kipato. Mfanyabiashara mdogo, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100, anatozwa kwa mauzo. Anayesamehewa ni mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: kama shilingi elfu 11. Muuza ndizi anazivuka hizo kabla ya saa nne asubuhi Jumatano ya Tengeru. Tuseme amenunua mkungu 12,000 akauza 15,000: simu yake inaonyesha 15,000 imeingia. Faida yake ni 3,000, na humo humo atoe nauli, ushuru na kilichooza.

Tena simu yake hiyohiyo inapokea mchango wa kikoba, ada ya mtoto kutoka kwa mjomba, hela ya msiba. Ofisa atajuaje kipi ni mauzo?

Hili si la kufikirika. Julai 2025 mamlaka ya kodi ya jimbo la Karnataka, India, iliwaandikia wauza mboga na vibanda vya chai madai ya kodi kwa kuangalia miamala yao ya UPI. Bengaluru, mji wenyewe wa teknolojia, watu wakabandua alama za malipo wakaandika "keshi tu". Nchi iliyofuta ada kabisa, na bado imani ilivunjika ndani ya wiki chache.

Mhasibu, Njiro

Mfano huo unanisaidia mimi. Kule msamaha wa GST, kodi yao ya bidhaa na huduma, kwa wauza bidhaa unafika rupia milioni 4 kwa mwaka, ni hela nyingi. Wengi wa walioandikiwa barua walikuwa wamevuka. Kwa nini wasilipe? Ukisema kiwango chetu cha milioni 4 za shilingi ni kidogo, sawa, pandisheni kiwango, nitaunga mkono. Lakini hoja hiyo ni ya kodi, ijadiliwe kwenye kodi. Usiniletee keshi kama pazia.

Muuza mitumba, Memorial, Moshi

Habari za Arusha. Huku kwetu mambo yamejipanga yenyewe. Mwenye mabelo anapokea kwa benki, kwa hiyo hela ya simu naipeleka hukohuko bila kuishika, na sina haja na wakala. Desemba watu wakirudi nyumbani kutoka Dar, karibu wote wanalipa kwa simu, kwa sababu hawataki kutembea na noti kwenye umati wa Memorial. Hakuna aliyetulazimisha. Lakini mke wangu anauza mbogamboga Mbuyuni, na yeye bado ni keshi mtupu, mkulima wake anashuka na mzigo kutoka mlimani alfajiri na hana muda wa kusubiri mtandao. Nyumba moja, biashara mbili, sheria moja mtaitungaje?

Mwongoza watalii, Sakina

AFCON ya 2027 inakuja, Arusha tuna mechi. Wageni watashuka na kadi. Mwenye mahindi ya kuchoma nje ya uwanja akisema "keshi tu", hela inarudi hotelini. Kwa mwezi huo mmoja mimi ningelazimisha.

Mleta mada

Wa Moshi amesema nilichotaka kusema kwa maneno machache. Aliye juu yake anapokea benki, yeye akafuata bila amri. Mke wake hana mtu wa juu anayepokea, basi.

Wa Sakina, mwenye mahindi ya uwanjani atatafuta lipa namba mwenyewe akiona foleni ya wenye kadi. Usimpe askari kazi ya bure.

Mhasibu, nakubali tuipeleke kwenye kodi. Pendekezo langu hili: kiwango cha msamaha kipande, na sheria itamke kwamba hela kuingia kwenye simu peke yake si ushahidi wa mauzo. Ukikubali la pili, mimi nitakuwa wa kwanza kuzunguka Kilombero nikibandika lipa namba.

Mhasibu, Njiro

La kwanza ndiyo. La pili hapana. Ukiandika hivyo kwenye sheria, kesho mteja wako mwenye hoteli ya vyumba 20 naye ataniambia hela zote zilizoingia ni michango ya msiba.